Grafini: Mchele mmoja, mapishi mbalimbali

WAHENGA walinena kwamba mchele ni mmoja lakini mapishi ni mbalimbali. Usemi huo unasadifu hali ya grafini, utando wa kaboni wenye unene wa atomi moja tu, ambao tangu mwaka wa 2004 umesifiwa kote duniani kwa kuwa na nguvu kuliko chuma na kwa kupitisha umeme kwa wepesi mno.

Sifa hizo ni za kweli, lakini si za kila grafini. Kaboni ni ileile, ila joto la tanuri, aina ya metali inayotandikwa chini, kasi ya kupoza na hata mabaki ya hewa ndani ya bomba ndiyo huamua iwapo kitakachopatikana ni utando wa ajabu au unga mweusi wa bei ghali.

Kwa hivyo, anayetaka kuelewa maada za aina hii hana budi kuuliza maswali mawili kwa pamoja: ni kitu gani, na kilitengenezwa vipi?

MAADA BAPA NI NINI?

Maada bapa ni zile zenye urefu na upana, ila unene wake ni wa atomi moja au chache tu. Mfano ulio karibu na kila mtu umo ndani ya penseli. Grafiti, ile maada nyeusi inayoandika, ni rundo la tando za kaboni zilizolaliana kama kurasa za kitabu.

Ndani ya kila ukurasa, atomi za kaboni zimeshikana imara katika maumbo ya pembe sita, mfano wa sega la nyuki. Umbali kati ya atomi moja na jirani yake ni nanomita 0.142, nanomita moja ikiwa ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Kati ya ukurasa na ukurasa kuna nafasi ya nanomita 0.335, na mshiko wake ni hafifu. Ndiyo sababu penseli huacha alama kwenye karatasi: kurasa hizo zinateleza na kubanduka.

Ukurasa mmoja ukitengwa peke yake ndio huitwa grafini. Zipo maada bapa nyingine nyingi, zikiwemo nitraidi ya boroni, ambayo haipitishi umeme, na disalfaidi ya molibdeni, ambayo huupitisha kwa masharti.

Mbona utengenezaji uwe na uzito mkubwa hivi? Katika kipande cha chuma cha kawaida, kasoro ndogo iliyo juu hufunikwa na mabilioni ya atomi zilizo chini yake. Utando wa atomi moja hauna chini wala ndani. Atomi zake zote ziko nje. Pengo la atomi moja iliyokosekana, mkunjo mdogo au chembe ya uchafu huathiri kila elektroni inayopita karibu.

SELOTEPU YA MANCHESTER

Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walitangaza mwaka wa 2004 kwamba wameweza kutenga tando za grafini na kupima tabia zake za umeme. Njia yao ilikuwa rahisi ajabu: walibandika selotepu juu ya grafiti, wakaibandua, wakarudia tena na tena hadi zikasalia tando nyembamba kabisa. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka wa 2010.

Grafini ya selotepu huwa safi kwa sababu hutokana na fuwele za grafiti ambazo tayari zimepangika vizuri. Mnamo 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walibonyeza tando za namna hiyo kwa ncha ya almasi, wakagundua kwamba zilihimili mkazo wa takriban gigapaskali 130 kabla ya kupasuka. Chuma cha ujenzi wa nyumba hakifikishi hata gigapaskali moja.

Mwaka huohuo ilibainika pia kwamba kitandiko kina athari yake. Utando ulioning'inizwa bila kugusa kitu na kusafishwa uliruhusu elektroni kupita kwa wepesi mara kumi hivi kuliko ule uliolazwa juu ya oksidi ya silikoni. Mnamo 2010, watafiti wa Columbia walilaza grafini juu ya nitraidi ya boroni, ambayo ni laini mno, na wakapata nafuu inayokaribia kiasi hicho. Fuwele za nitraidi hiyo zilitengenezwa nchini Japani na Takashi Taniguchi na Kenji Watanabe, ambao huzikuza chini ya shinikizo na joto la kiwango cha juu mno.

Hata hivyo, njia ya selotepu ina upungufu mmoja mkubwa. Vipande vinavyopatikana ni vidogo sana, na kila kimoja hutafutwa kwa hadubini. Takwimu zinazotajwa mara kwa mara katika matangazo ya biashara zilitokana na vipande hivyo vya maabara. Hazikutokana na bidhaa zinazouzwa kwa kilo.

GESI, TANURI NA SHABA

Ili kupata tando pana, wanasayansi waligeukia tanuri. Mwaka wa 2009, kundi la Rodney Ruoff katika Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin, lilionyesha jinsi ya kukuza grafini juu ya karatasi nyembamba ya shaba. Shaba hiyo huwekwa katika bomba lenye joto linalofikia nyuzi 1,000 za Selsiasi, kisha gesi za methani na hidrojeni hupitishwa juu yake. Methani huvunjika inapogusa shaba, hidrojeni yake hutoka, na kaboni inayobaki hujipanga kuwa grafini.

Uteuzi wa metali haukuwa wa kubahatisha. Nikeli, iliyotumiwa pia miaka hiyo, hunyonya kaboni inapokuwa moto kama andazi linavyonyonya mafuta. Inapopoa huitema kaboni hiyo, nayo hutoka kwa viwango visivyo sawa: hapa utando mmoja, pale mitano, kwingineko zaidi. Kasi ya kupoza hubadilisha matokeo yote.

Shaba kwa upande wake hainyonyi kaboni ila kwa kiasi kidogo mno. Uso wake ukishafunikwa na utando mmoja, methani haipati tena mahali pa kuvunjikia, na kazi husimama yenyewe. Watafiti wa Austin waliripoti kwamba zaidi ya asilimia 95 ya eneo lote lilikuwa na utando mmoja tu. Mwaka uliofuata, wataalamu wa Korea Kusini, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sungkyunkwan na kampuni ya Samsung, walitumia njia hiyo kutengeneza utando wa inchi 30.

Ndani ya tanuri kila kipimo kina matokeo yake. Joto likipungua, methani haivunjiki ipasavyo na utando hujaa kasoro. Likizidi, shaba hukaribia kiwango chake cha kuyeyuka, ambacho ni nyuzi 1,085, na huanza kugeuka mvuke. Methani ikiwa nyingi, fuwele huchipuka kila mahali kama mbegu zilizomwagwa ovyo shambani, zikabanana kabla ya kukua. Ikiwa kidogo, chipukizi huwa chache na kubwa, lakini kazi huchukua muda mrefu.

MISHONO YA VIRAKA

Fuwele zilizochipuka mbalimbali hukua hadi zikakutana. Kwa kuwa kila moja imeelekea upande wake, mahali zinapokutana hubaki mshono. Picha zilizochapishwa mwaka wa 2011 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, zilionyesha kwamba grafini ya tanurini ni mithili ya shuka la viraka, na vipimo vyao vikaashiria kwamba mishono hiyo ilikuwa dhaifu.

Wengi wangeridhika na hitimisho kwamba grafini ya tanurini haiwezi kufikia nguvu ya ile ya selotepu. Lakini mwaka wa 2013, watafiti wa Columbia walitoa matokeo yaliyobadilisha mjadala huo. Waligundua kwamba sehemu kubwa ya udhaifu ilitokana na mambo yaliyofanywa baada ya utando kutoka tanurini.

Grafini iliyokuzwa juu ya shaba haina budi kuhamishwa. Kwa kawaida hupakwa plastiki, shaba ikayeyushwa kwa kemikali, kisha utando ukalazwa mahali papya na plastiki ikaondolewa. Watafiti hao walipobadilisha kemikali ya kuyeyushia shaba na kuacha kuoka utando hewani, nguvu iliyopimwa ilikaribia ile ya grafini isiyo na mshono.

Funzo la tukio hilo ni kwamba masharti ya utengenezaji hayaishii mlangoni mwa tanuri. Kuosha, kukausha na kuhamisha ni sehemu ya mapishi.

MIKUNJO YA KUPOA

Tatizo jingine hutokea tanuri inapozimwa. Shaba hunywea inapopoa, ilhali grafini hutanuka kidogo. Utando hubaki na eneo kubwa kuliko kitandiko chake, hivyo hujikunja kama shuka lililotandikwa juu ya godoro dogo. Katika kila mkunjo, elektroni hukumbana na kikwazo.

Mwaka wa 2021, kundi la Ruoff, wakati huo likiwa Korea Kusini, lilichunguza joto ambalo mikunjo huanzia. Lilipokuza grafini juu ya mchanganyiko wa shaba na nikeli katika joto la chini zaidi, takriban nyuzi 730 hadi 760, lilipata fuwele pana isiyokuwa na mikunjo. Tofauti ya nyuzi mia mbili na ushei ilitosha kuondoa kasoro iliyowasumbua watafiti kwa zaidi ya mwongo mmoja.

OKSIJENI, RAFIKI NA ADUI

Kwa miaka mingi maabara mbalimbali zilitumia maelekezo yaleyale lakini zikapata grafini tofauti. Chanzo kimoja kikuu kilikuwa oksijeni.

Mwaka wa 2013 ilithibitishwa kwamba oksijeni iliyo juu ya uso wa shaba huziba mahali ambapo fuwele zingechipuka. Chipukizi zikawa chache, na fuwele moja ikaweza kufikia upana wa sentimita nzima. Hapo oksijeni ilikuwa msaidizi.

Lakini mnamo 2024, watafiti wa Columbia na wenzao wa Chuo Kikuu cha Montreal, Kanada, walionyesha kwamba mabaki kidogo ya oksijeni ndani ya gesi ndiyo yaliyokuwa yakivuruga kazi. Oksijeni hiyo huchelewesha ukuaji na hata kuila grafini iliyokwisha kujengeka. Walipoiondoa karibu yote, matokeo yalianza kufanana kila walipoiwasha tanuri.

Matokeo haya mawili hayapingani. La kwanza lahusu oksijeni iliyowekwa mahali maalumu na kwa makusudi. La pili lahusu ile inayopenya bila kualikwa. Ni kama chumvi katika mchuzi: mpishi anayejua kiasi alichotia hupata ladha ileile kesho, ilhali asiyejua hubahatisha.

KUTOKA KATIKA KABIDI YA SILIKONI

Njia nyingine haitumii gesi ya kaboni. Fuwele ya kabidi ya silikoni hupashwa moto hadi atomi za silikoni zikatoroka kama mvuke, na kaboni inayobaki juu hujipanga kuwa grafini.

Kazi hii ikifanywa katika ombwe, silikoni hutoroka kwa fujo na kuacha uso wenye mashimo. Mnamo 2009, watafiti waliofanya kazi Erlangen, Ujerumani, waliijaza tanuri gesi ya agoni, ambayo huzisukuma nyuma atomi za silikoni zinazotoroka. Hilo liliwawezesha kupandisha joto hadi nyuzi 1,650 na kupata tando pana zaidi na zilizo laini.

Njia hii ilizaa habari nyingine kubwa Januari 2024. Grafini ya kawaida hupitisha umeme daima, wala haiwezi kuzimwa kama swichi. Kwa sababu hiyo haijafaa kuchukua nafasi ya silikoni katika kompyuta. Kundi la Walt de Heer wa taasisi ya Georgia Tech, Marekani, na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tianjin, Uchina, lilieleza kwamba kwa kudhibiti joto kwa makini, tabaka la kwanza la kaboni lililoshikamana na kabidi ya silikoni lilipata pengo la nishati la elektronivolti 0.6. Pengo hilo ndilo linaloiwezesha maada kuwashwa na kuzimwa.

BLENDA NA TINDIKALI

Viwanda vinavyohitaji tani nyingi, kama vya rangi, plastiki na betri, haviwezi kusubiri tanuri. Hivyo hutumia grafiti iliyochimbwa ardhini na kuichambua katika umajimaji.

Jonathan Coleman na wenzake wa Trinity College, Dublin, walionyesha mwaka wa 2014 kwamba vyombo vinavyokoroga kwa kasi vinaweza kuzichambua kurasa za grafiti. Hata blenda ya jikoni, ikitiwa maji na sabuni ya kuoshea vyombo, ilifanya kazi hiyo. Hata hivyo, kinachopatikana ni vipande vidogo vyenye unene mbalimbali, na kasi ya kukoroga pamoja na muda ndivyo huamua ukubwa wake.

Njia ya pili hutumia tindikali kali. William Hummers na Richard Offeman waliieleza mwaka wa 1958, miongo mingi kabla ya selotepu ya Manchester. Grafiti huchanganywa na tindikali ya salfa na pamanganeti ya potasiamu, ikageuka kuwa oksidi inayochambuka kwa urahisi majini. Oksidi hiyo ya grafini haipitishi umeme. Ikiondolewa oksijeni kwa joto au kemikali, uwezo huo hurejea kwa kiasi, lakini matundu yaliyochimbwa na tindikali hayazibiki yote.

Si kwamba oksidi hiyo haina faida. Mwaka wa 2012, watafiti wa Manchester walionyesha kwamba tando zake hupitisha mvuke wa maji na kuzuia gesi nyingine, na tangu hapo zimechunguzwa kama vichujio vya maji. Kinachohesabiwa kuwa kasoro katika waya kinaweza kuwa tija katika kichujio.

NDUGU WA GRAFINI

Kanuni hiyo inazitawala maada bapa nyingine pia. Disalfaidi ya molibdeni hupatikana ardhini na imetumiwa kwa miaka mingi kulainisha mitambo. Mnamo 2010 iligunduliwa kwamba ikipunguzwa hadi utando mmoja huanza kutoa mwanga kwa nguvu inapoangaziwa, jambo ambalo kipande kinene hakifanyi ila kwa unyonge.

Ikichambuliwa kwa kutumia lithiamu, mpangilio wa atomi zake hubadilika, ikaacha kuwa nusukipitishi na kuwa kama metali. Ikipashwa moto taratibu, hurejea hali yake ya awali. Ikikuzwa kwa mvuke pasipo salfa ya kutosha, huachwa na mapengo yanayozuia umeme.

Subira nayo ina malipo yake. Mwaka wa 2015, watafiti wa Cornell walitumia takriban saa 26 katika joto la nyuzi 550 kukuza utando mmoja wa maada hii juu ya kisahani cha inchi nne. Walipounda swichi ndogo za kielektroniki juu yake, asilimia 99 zilifanya kazi.

MNUNUZI AULIZE NINI?

Haya yote yana uzito nje ya maabara. Mwaka wa 2018, wanasayansi wakiongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Singapore walichapisha uchunguzi wa sampuli kutoka kampuni 60 za Asia, Ulaya na Amerika zilizodai kuuza grafini. Katika nyingi, grafini halisi haikufika asilimia 10, na hakuna hata moja iliyozidi asilimia 50. Sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa vipande vinene, yaani grafiti ya kawaida iliyosagwa.

Mwaka mmoja awali, shirika la kimataifa la viwango, ISO, lilikuwa limechapisha ufafanuzi wa istilahi: grafini ni utando mmoja, na vipande vyenye tando nyingi vina majina yake kulingana na idadi, mpaka ukiwa tando 10. Kinachozidi hapo hutenda kama grafiti.

Kipimo cha kutambua ukweli kipo. Mwanga wa leza ukielekezwa kwenye sampuli, sehemu ndogo ya mwanga unaorudi hubadilika rangi, na mabadiliko hayo hufichua idadi ya tando na wingi wa kasoro. Kipimo hicho kinaitwa kwa jina la C. V. Raman wa India, aliyetuzwa Nobel mwaka wa 1930.

Mnunuzi, mtafiti au afisa wa serikali anayeletewa bidhaa hii anafaa kuuliza: ilitengenezwa kwa selotepu, gesi, tindikali au kwa kukorogwa? Vipande vina tando ngapi na upana gani? Ilihamishwa na kusafishwa vipi? Na je, takwimu za nguvu na umeme zilizoandikwa kwenye karatasi zilipimwa katika shehena hiihii, au zimenukuliwa kutoka kwa kipande cha maabara cha mwaka wa 2008?

Maswali hayo yanahusu Afrika Mashariki na majirani zake pia. Grafiti imejaa katika ardhi ya Mahenge nchini Tanzania na Balama nchini Msumbiji. Anayeuza mawe hulipwa bei ya mawe. Thamani iliyobaki imo katika joto, gesi, kemikali na subira, na huwaendea wale wanaoyajua mapishi.